Mama aliniomba tuondoke: Tufanyeje na watazamaji wenye kelele katika kumbi za sinema za Nairobi?

Mwana wa Kasarani aliuliza:

Nawasalimu nyote. Nina jambo ambalo limenikaa rohoni tangu Jumamosi iliyopita, na ningependa kusikia maoni ya wale wanaokwenda sinema mara kwa mara hapa Nairobi.

Mama yangu ana umri wa miaka 71. Mapema mwaka huu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari alipomhakikishia kwamba jicho limepona, ombi lake la kwanza kwangu lilikuwa nimpeleke sinema. Mara ya mwisho alipotazama filamu kwenye skrini kubwa ilikuwa Fox, kando ya Barabara ya Thika, enzi zile watu walipokuwa wakitazama wakiwa ndani ya magari, naye marehemu Baba akiteremsha kioo ili aning'inize kipaza sauti dirishani. Nilimchagulia filamu tulivu kuhusu ndugu wanaogombania shamba la urithi, nikanunua tiketi za safu ya katikati, nikamnunulia na bisi ambazo hakuzigusa kwa kuwa macho yake yote yalikuwa mbele.

Wimbo wa taifa ulipopigwa, ukumbi mzima ulisimama. Mama alisimama wima, mikono ubavuni, kama alivyofundishwa shuleni. Hata hao ninaotaka kuwaeleza habari zao walisimama pamoja nasi, wakatulia mpaka wimbo ukaisha. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha kwamba kutulia wanakuweza.

Robo saa haikupita kabla vijana watano waliokuwa safu ya nyuma yetu hawajaanza kuzungumza kwa sauti ya kawaida, kana kwamba wamekaa sebuleni kwao. Mmoja wao alikuwa ameshaitazama filamu hiyo, basi akawa anawasimulia wenzake kila tukio kabla halijafika. Mwingine alipokea simu, akamwelekeza mtu mahali pa kuegesha gari, hatua kwa hatua, mpaka mtu huyo akafika. Wa tatu aliinua simu kurekodi skrini huku tochi yake ikiwaka. Kiti cha Mama kilikuwa kikipigwa teke kila mara walipocheka.

Niligeuka nikawaomba kwa upole wapunguze sauti, wakanyamaza kwa muda mfupi sana. Nilipogeuka mara ya pili, kijana mmoja alinijibu kwamba yeye pia amelipa, na kwamba anayetaka kimya abaki nyumbani kwake. Wenzake walicheka. Nilihisi damu ikinichemka, na nakiri kwamba nilikuwa nimeanza kuinuka. Mama alinishika mkono akaninong'oneza, “Wacha, mwanangu. Twende tu.” Tukatoka kabla filamu haijafika nusu, na mpaka leo hatujui kama yule binti alilipata shamba la babake.

Ukumbi wenyewe sitautaja, kwa sababu sijazungumza na wasimamizi wake na si haki kuwahukumu kabla ya kuwasikiliza. Ninachotaka kujua ni hiki: je, nilikosea kugeuka na kuwasemesha watu wale? Ni nani hasa niliyepaswa kumwita, na kwa njia gani, ikiwa wahudumu huonekana mlangoni tu wakati wa kukagua tiketi? Na je, aliyeuziwa tiketi ana haki ya kudai utulivu, au kununua tiketi ni kama kupanda matatu, ambapo muziki utakaoukuta ndio huo huo?

---

Aliyekuwa Mhudumu alijibu:

Pole sana, ndugu yangu, na umpe Mama pole zangu. Nilifanya kazi ya uhudumu katika kumbi mbili za jiji hili kwa miaka sita, kwa hiyo nitakueleza mambo jinsi yanavyoonekana kutoka upande wetu.

Kugeuka mara moja na kuomba kwa upole si kosa. Kosa, ikiwa tutaliita hivyo, ni kugeuka mara ya pili. Mtu aliyeombwa mara moja mbele ya rafiki zake akaendelea, amekwisha kuamua. Ukimrudia, unampa jukwaa, na kuanzia hapo hajali tena filamu bali anajali asionekane ameshindwa. Mara ya pili ni kazi ya mhudumu, ambaye hana ugomvi na mtu yeyote na ambaye sare yake humfanya mkorofi apate njia ya kutii bila kuona haya.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui ni kwamba siku hizi hakuna mtu anayewatazama. Zamani chumba cha mtambo wa kuonyesha filamu kilikuwa na fundi aliyebadilisha mikanda, na kupitia kidirisha chake aliweza kuona ukumbi wote. Leo filamu huja ikiwa faili, na kompyuta huianzisha kwa saa iliyopangwa na hata kuzima taa yenyewe. Nilipokuwa kazini, mara nyingi tulikuwa wahudumu wawili kwa kumbi tatu, na mmoja wetu alikuwa akifagia ukumbi uliotoka kumalizika. Ukumbi wako ungeweza kugeuka soko nasi tusisikie chochote, kwa maana kuta hujengwa ili sauti isipenye. Kwa hiyo asiyetoka kutuita, hatujui shida yake.

Toka mapema, ndani ya dakika kumi au kumi na tano za kwanza, usingoje mpaka hasira ikupande. Mtaje mkorofi kwa herufi ya safu na nambari ya kiti. Mtu anapotuambia “kuna watu wanapiga kelele kule nyuma”, tunaingia gizani na tochi, wote wananyamaza, tunasimama kidogo, tunatoka, na kelele inarudi. Anapotuambia “safu ya G, viti vya 7 hadi 11”, tunakwenda moja kwa moja. Na ukiona mtu anarekodi skrini, lianze hilo, kwa kuwa kurekodi filamu ukumbini ni jambo ambalo hakuna meneja analifumbia macho.

Mhudumu hana mamlaka ya kumtoa mtu. Hiyo ni kazi ya meneja. Sisi tunaonya, na onyo likipuuzwa meneja huja na mlinzi. Nimeyaona hayo mara nne tu katika miaka sita. Wakati mwingi meneja huona afadhali kumhamisha aliyelalamika, jambo ambalo halikunipendeza hata siku moja, kwa kuwa anayeadhibiwa ni yule asiye na hatia. Meneja wangu wa kwanza alipenda kutusimulia habari za kumbi za Alamo Drafthouse za Marekani, zilizoanzia Austin, Texas, mwaka 1997. Huko, kwa miaka mingi, mtazamaji aliyesumbuliwa aliandika malalamiko yake kwenye karatasi aliyokuwa nayo mezani, akaisimamisha mbele yake, na mhudumu akaja kuichukua bila mtu kujua nani amemshtaki nani. Mkorofi alionywa mara moja. Akirudia, alitolewa bila kurudishiwa pesa. Tulipendekeza jambo kama hilo, yaani nambari ya simu kwenye tiketi ambayo mtu angeweza kutuma ujumbe mfupi, lakini tuliambiwa kwamba hilo lingewafanya watu watoe simu zao.

Niongeze jambo moja kuhusu uchaguzi wa viti. Katika ukumbi wa sinema, maneno ya waigizaji hutoka hasa kwenye spika iliyo katikati, nyuma ya skrini yenye vitundu vidogo vidogo, ilhali muziki na vishindo huzunguka kwenye kuta. Filamu ya mapigano hufunika mnong'ono wa jirani. Filamu ya mazungumzo haina cha kuufunika. Kwa filamu kama hiyo mliyoichagua, epuka jioni ya Jumamosi na siku za tiketi za bei nafuu. Nenda mchana wa katikati ya wiki.

---

Mama Pacha alijibu:

Nimeguswa sana na habari za Mama. Mimi huenda sinema peke yangu mara moja kwa mwezi, watoto wakiwa kwa shangazi yao, na nataka kusema jambo ambalo huenda wanaume hawalioni upesi.

Ndugu Mhudumu anasema kuomba mara moja si kosa. Kwangu mimi hata hiyo mara moja ni hesabu. Mwaka juzi nilimwomba mwanamume mmoja aliyekaa kando yangu azime simu, naye akatumia saa nzima iliyobaki akinitolea maneno ya chini chini, kisha akanifuata mpaka sehemu ya kuegesha magari akitaka kujua mimi ni nani hata nimwamrishe. Hakunigusa, lakini nilitetemeka mpaka nikafika nyumbani. Tangu siku hiyo simsemeshi mtu. Ninachagua kiti cha pembeni, karibu na njia, ili niweze kutoka kumwita mhudumu bila kuwapita watu magotini, na filamu ikiisha nasubiri taa ziwake zote ndipo niondoke. Kwa mwanamke aliye peke yake, huo ndio ushauri wangu wa kwanza.

Jambo la pili ni watoto, ambao hakuna aliyewataja bado. Mimi ni mama wa pacha wa miaka mitano, na najua jinsi mtoto anavyochoka baada ya dakika arubaini. Sikasiriki mtoto akilia katika filamu ya watoto, kwa sababu ukumbi ule ni wake. Ninachoshindwa kukielewa ni mzazi anayemleta mtoto wa miaka minne kwenye filamu iliyowekewa alama ya 16 au 18, saa tatu usiku, kisha mtoto anaogopa, analia, na watu wote wanamtazama mtoto kana kwamba yeye ndiye aliyekata tiketi. Alama hizo za GE (ya watu wote), PG (mtoto aongozwe na mzazi), 16 na 18 hutolewa na Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya, na ukumbi hauna ruhusa ya kumwingiza aliye chini ya umri uliotajwa. Mhudumu wa mlangoni akiisimamia kanuni hiyo, nusu ya vilio vya usiku vitakwisha, na watoto watalala vitandani mwao.

---

Msomi wa Parklands alijibu:

Nitajibu swali la mwisho tu, kuhusu haki.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora wa kuridhisha. Anayeuza tiketi ya sinema hauzi kiti pekee. Anauza nafasi ya kuitazama na kuisikiliza filamu. Hoja kwamba ukumbi unawajibika kuchukua hatua za busara pindi unapoarifiwa kuhusu usumbufu ni hoja nzito, ingawa sioni kama kuna faida ya kwenda mahakamani kwa ajili ya tiketi mbili. Umuhimu wake uko kwenye barua. Andika kwa utulivu, taja tarehe, saa, filamu, nambari za viti na jina la mhudumu uliyemweleza, kisha sema unachotaka: kurudishiwa pesa, au tiketi nyingine, au maelezo ya hatua zitakazochukuliwa. Barua yenye ombi mahususi hujibiwa.

Kuhusu kurekodi, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwenye filamu dhidi ya kunakiliwa bila idhini, kwa hiyo Ndugu Mhudumu amesema kweli kwamba jambo hilo halihusu adabu peke yake.

Nakusihi jambo moja, ndugu yangu. Umeandika kwamba ulikuwa umeanza kuinuka. Ungemshika kijana yule bega au ungempokonya simu, wewe ndiye ungelala kituo cha polisi, na Mama angekaa kwenye benchi la nje akikusubiri. Mkono wake ulikuokoa.

---

Mzee wa Ngara alijibu:

Wanangu, nimesoma yote, na nakubaliana na mengi. Hata hivyo naomba tusichanganye kelele na utovu wa adabu, kwa sababu mimi nimekulia katika kelele za sinema na nazikumbuka kwa upendo.

Miaka ya sabini nilikuwa nikienda Shan, hapa Ngara, kutazama filamu za Kihindi. Hatukuwa tukikaa kimya hata kidogo. Wimbo ulipoanza, waliokuwa wakiujua waliuimba. Adui alipojificha nyuma ya nguzo, ukumbi mzima ulimwonya shujaa. Mama mjane alipolia, wanawake walilia naye kwa sauti. Pale Odeon, filamu za kareti zilipigiwa makofi kila pigo. Siku hizi Odeon ni jina la steji ya matatu, na Globe ni jina la mzunguko wa barabara, na vijana wengi wanaoyataja majina hayo kila asubuhi hawajui kwamba palikuwa na skrini hapo. Hata leo, katika vibanda vya video vya mitaani, watu hulipa ili wamsikilize DJ Afro akiisimulia filamu kwa lugha yao mwanzo hadi mwisho, na ukimwondoa msimulizi, wateja watadai pesa zao.

Basi desturi ya kutazama kwa sauti si ugeni kwetu, na sipendi inaposemwa kwamba kimya ndio ustaarabu na kelele ni ushamba. Lakini tazameni tofauti yake. Sisi tulikuwa tukiisemesha filamu, na aliyekuwa kando yako alikuwa akiisemesha pamoja nawe. Aliyeanza kuzungumza habari zake mwenyewe, za kazi au za mpira, alizomewa na safu nzima kabla mwenye tochi hajafika. Vijana waliomkera Mama hawakuwa wakiitazama filamu. Yule aliyekuwa akielekeza gari kwenye simu angeweza kuwa mahali popote.

Na hapo ndipo ninapowalaumu watazamaji wengine wa siku ile, Mwana wa Kasarani, wala sikulaumu wewe. Ukumbi ulikuwa na watu wangapi? Hamsini? Mia? Wote walisikia mwana akimwombea mamake utulivu na akichekwa, na hakuna hata mmoja aliyesema, “Jamani, mwacheni mama atazame.” Zamani mzee mmoja angekohoa tu, na yangekwisha. Siku hizi kila mtu amejifungia katika kiti chake, anangoja jirani aanze. Mimi nina miaka 74, na bado huwa nasema. Sisemi kwa ukali. Nasema, “Wanangu, masikio yangu ni ya kizee, nisaidieni nisikie.” Ni kweli masikio yangu ni ya kizee, na mpaka leo hakuna aliyenijibu vibaya.

---

Mama Pacha alijibu:

Shikamoo Mzee. Maneno yako nimeyapokea, ila yanafaa kinywani mwa mzee. Mimi nikiyasema, hayatasikilizwa vivyo hivyo. Lakini umenipa jambo la kufanya: nikimsikia mtu mwingine akiomba utulivu, nitamuunga mkono kwa sauti, hata nikiwa safu kumi mbali naye, ili asijione yuko peke yake. Hilo naliweza.

---

Mwana wa Kasarani alirudi:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Mzee wangu, tulikuwa kama watu sitini, na ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Kilichoniuma zaidi, naona sasa, ni kule kuchekwa mbele ya watu waliojifanya hawasikii.

Jumatano nilikwenda kumwona meneja. Nilikuwa nimeandika barua kama alivyoshauri Msomi, yenye nambari zote, na nilimkabidhi kabla ya kuanza kuzungumza ili nisije nikapandisha sauti. Aliisoma yote. Alisema kwamba Jumamosi jioni walikuwa na wahudumu watatu kwa kumbi tano, kwamba hakuna aliyearifiwa, na kwamba angeombwa, angekuja mwenyewe. Nilimwambia kwamba mtu hawezi kumwomba asiyemwona, na kwamba kabla ya filamu skrini huonyesha matangazo ya vinywaji na magari kwa dakika nyingi, ilhali maelezo ya mahali pa kumpata mhudumu hayakuonyeshwa hata kwa sekunde tano. Hakubisha. Aliahidi kwamba kuanzia wiki ijayo mhudumu atapita ndani ya kila ukumbi baada ya dakika kumi za kwanza na tena katikati ya filamu. Nitapita kuona kama ahadi hiyo itatimizwa, na ikitimizwa, nitaurejea uzi huu niwape jina la ukumbi, maana anayejirekebisha anastahili kutajwa.

Alinipa tiketi mbili za filamu ileile. Nilimpigia Mama simu nikiwa nimejiandaa kumbembeleza, nikidhani amechukizwa na sinema kabisa. Aliniuliza jambo moja tu: kama yule binti bado hajapewa shamba. Tunakwenda Alhamisi, saa tano asubuhi.

---

Aliyekuwa Mhudumu alijibu:

Saa tano asubuhi ni vizuri sana. Mtawakuta watu wachache, wengi wao wastaafu. Kateni viti vya safu ya kati kwenda nyuma kidogo, upande wa njia, ili Mama asilazimike kuinua shingo na wewe uweze kutoka upesi. Taa zikiwa bado zinawaka, mwonyeshe mhudumu wa mlangoni mahali mlipokaa na umwambie kwamba Mama ametoka kutibiwa macho. Atawakumbuka.